Silaha Isiyofika Vitani

Je, aliyetengeneza silaha ambayo haikuwahi kutumika vitani ana hatia yoyote?

Hapa Gisozi, mafundi wa Agakiriro hutengeneza vitanda na milango kwa mbao, misumari na gundi. Vifaa hivyohivyo viliwahi kuunda ndege ya kivita. Mwaka 1944, nchini Ujerumani, mhandisi Erich Bachem alibuni Natter, ndege ya mbao ambayo hata karakana za useremala zingeweza kuiunda. Ilipaswa kurushwa wima kwa roketi, izishambulie ndege za mabomu za Marekani na Uingereza, kisha rubani aruke kwa parachuti. Tarehe 1 Machi 1945 Lothar Sieber aliirusha wima kwa roketi kwa mara ya kwanza ikiwa na mtu ndani. Haikutimia dakika moja, ikaanguka naye akafa. Vita vilikwisha kabla Natter haijaangusha ndege hata moja ya adui.

Mtetezi atasema kwamba pasipo adui aliyeuawa hapana hatia. Hoja hiyo inachanganya bahati na wema. Aliyelenga akakosa hafanani na aliyekataa kulenga. Natter haikuzuiwa na dhamiri ya mtu. Muda ndio uliokwisha.

Atasema tena kwamba mabomu yalikuwa yakiteketeza miji yenye watoto, na kuwalinda watoto ni haki. Hoja hii ni nzito, wala siipuuzi. Lakini kila siku iliyoongezewa utawala wa Hitler ilikuwa siku nyingine ya mauaji kambini. Sisi wa Gisozi tunaijua thamani ya siku moja. Katika Kumbukumbu iliyo hapa wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na mauaji hayo yalichukua takriban siku 100 tu.

Hata hivyo, hatia haigawanywi sawasawa. Seremala aliyeamriwa kugongomea bawa, bila uwezo wa kukataa, ana sehemu ndogo. Bachem alikuwa na nafasi ya kuacha: mchoro wake ulipokataliwa mwanzoni, alikwenda kwa Himmler, mkuu wa SS, kutafuta msaada, akaupata.

Kwa hiyo sipimi hatia ya fundi kwa idadi ya waliouawa na kazi yake. Ninauliza alijua anamtumikia nani, na alifanya nini alipopata nafasi ya kuweka nyundo chini.