Wafalme Watatu Waliofichwa

Kijana mmoja aliketi kwenye meza ya poka ya dola 20 kwa 40, katika ukumbi wa karata kusini mwa California, akagawiwa wafalme wawili, na mgao huo ukamgharimu dola 180. Kushindwa si ajabu, wafalme hushindwa kila siku. La kusikitisha ni kwamba aliyemshinda alikuwa ameshika sita na nne, karata ambazo mchezaji makini hazitolei pesa yake, na kwamba nafasi ya kushinda alipewa bure na kijana mwenyewe.

Mchezo wenyewe ni poka ya Texas, lakini ile ya kikomo. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi katikati ya meza: tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Wachezaji wawili hulazimika kuweka dau kabla hawajaona chochote, mmoja dola 10 na mwenzake 20. Katika duru mbili za mwanzo dau ni dola 20, katika mbili za mwisho ni 40, na likishaongezwa mara tatu hivi haliongezwi tena. Hakuna wa kusukuma mali yake yote katikati akasema liwalo na liwe. Bei imepangwa. Shika hilo, maana kisa chote kimejengwa juu yake.

Kijana huyu alijifunza poka kwenye televisheni. Tangu Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliposhinda dola milioni 2.5 katika mashindano makubwa ya Las Vegas mwaka 2003, poka isiyo na kikomo ndiyo iliyoonyeshwa kila mahali, na watazamaji wakawaona mabingwa wakijifanya wanyonge huku wameshika karata nzito. Katika mchezo ule hila hiyo ina maana yake: unaweza kukaa kimya duru mbili, kisha duru ya mwisho ukamfilisi mtu kwa dau moja. Katika poka ya kikomo huwezi. Dola 20 ambazo hukumtoza mtu katika duru ya pili huna njia ya kumdai katika duru ya nne, kwa sababu huko nako bei ina mpaka wake.

Basi tumfuatilie. Akiwa na wafalme wawili alipaswa kuongeza dau hadi 40. Hakuongeza. Aliweka 20 tu, akiogopa kuwafukuza wenzake. Wawili waliokaa baada yake wakaingia, aliyekuwa ameweka 10 akakamilisha, na yule aliyelazimishwa kuweka 20 akagonga meza, akabaki mchezoni bila kuongeza chochote. Huyo ndiye aliyeshika sita na nne. Angetakiwa kutoa dola 20 nyingine, angekuwa na kila sababu ya kutupa karata zake. Hakutakiwa.

Kwenye fungu zikawa dola 100, na wachezaji watano wakasubiri. Zikafunguliwa mfalme wa kopa, nane ya kopa na tatu ya uru. Kijana sasa ana wafalme watatu, na kwa karata zile zilizo mezani hakuna mkono wowote unaoweza kumshinda kwa wakati huo. Wawili wa mbele yake wakapita. Naye akagonga meza kwa kidole, akapita, macho ameyaelekeza pembeni kama mtu aliyechoshwa na mchezo. Waliobaki wakapita pia. Karata ya nne ikaja bila mtu kulipa hata dola moja.

Kosa kubwa ni hili la pili. Mwenye sita na nne hakuwa na kitu, hata jozi hakuwa nayo. Dola 20 tu zingetosha kumwondoa. Lakini karata ya nne ikawa tano ya pau, na ghafla ana tatu, nne, tano na sita kwa mfululizo: ikija mbili au saba, amekamilisha. Kijana akaamka sasa, akaweka 40. Mmoja akatupa karata, wa mwisho akafuata, mwingine akatupa, zamu ikafika kwa mwenye sita na nne. Kwenye fungu kuna dola 180, naye anatakiwa kutoa 40. Katika karata 46 asizoziona, nane zinamfaa, yaani atafanikiwa takriban mara moja katika kila sita. Ukijumlisha zilizopo na zile atakazovuna akikamilisha, kufuata ni sahihi. Jambo ambalo duru moja nyuma lingekuwa upumbavu limegeuka kuwa hesabu nzuri, na aliyeligeuza ni kijana mwenye wafalme.

Ya tano ikawa saba ya pau. Sita na nne akaweka 40. Kijana, akiamini kwamba mtego wake umenasa, akapandisha hadi 80. Wa mwisho akajitoa. Sita na nne akapandisha hadi 120, kijana akafuata, akafunuliwa nne, tano, sita, saba, nane. Fungu la dola 460 likavutwa upande wa pili wa meza.

Yule aliyejitoa mwishoni alikuwa mzee, akafunua zake: ree na tisa, zote za kopa. Alikuwa akisubiri kopa moja tu.

"Kijana," alisema, "mimi ningekulipa tangu mwanzo."

Sahau ile saba. Hata kama ingekuja karata isiyo na maana na kijana akashinda, bado alikuwa amejipunja. Mzee wa kopa angelipa 40 kabla ya karata kufunguliwa, 20 baada ya tatu za mwanzo, na 40 kwenye ya nne: jumla dola 100. Alilipa 60. Pengo la dola 40 ni dau moja kubwa, na wachezaji waliobobea katika poka ya kikomo huona kupata dau moja kubwa kwa saa ni riziki njema. Kwa mtu mmoja tu, katika mgao mmoja, kijana alitupa riziki ya saa nzima. Mficha uchi hazai.

Kuna wakati wa kuficha. David Sklansky, katika kitabu chake The Theory of Poker, ameeleza masharti yake: mkono wako uwe mzito mno, fungu liwe bado dogo, na karata ya bure iweze kumpa mwenzako mkono mzuri lakini si wa kukushinda. Mwenye wafalme wanne anatimiza masharti hayo. Wafalme watatu mbele ya kopa mbili na wapinzani wanne hawayatimizi.

Wapo wanaojitetea kwa mashine. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza katika jarida la Science kwamba programu yao, Cepheus, imepata ufumbuzi wa poka ya kikomo ya watu wawili. Programu hiyo, hata ikiwa na ree mbili, karibu kamwe haifikishi nyongeza ya mwisho katika duru ya kwanza. Wenye kupenda kuficha wameishika habari hiyo kwa mikono miwili. Wasome hadi mwisho: Cepheus inapoanza mchezo ama huongeza dau ama hutupa karata. Kufuata tu, kama alivyofanya kijana, ni jambo ambalo karibu haifanyi. Tena ina mpinzani mmoja, si wanne.

Kwa hiyo wewe unayejifunza mchezo huu, hata kama mnachezea kokwa za korosho barazani, ukishika mkono unaoongoza na mezani kuna karata zinazoweza kukugeuka, weka dau. Wakifuata, weka tena duru ijayo, bei itakuwa imepanda maradufu. Wakitupa wote, chukua fungu lililopo; hilo nalo ni ushindi halali.