Wazo la Leo: Adabu ya Kuinamisha Kichwa

Miongoni mwa Waarusha, jamii ya wakulima wanaozungumza Kimaa katika miteremko ya Mlima Meru, mtoto hujifunza heshima kwa vitendo kabla hajaweza kuieleza kwa maneno, kwani mzazi humfundisha kumsogelea mkubwa kimyakimya, kuinamisha kichwa na kusubiri kiganja kiguse utosi wake pamoja na neno la salamu. Adabu hiyo huenda sambamba na rika, yaani kundi la wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja, ambalo mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alilichambua katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu Waarusha. Kwa utaratibu huo, kila aliye wa rika la baba huheshimiwa kama baba, hata malezi yakawa si kazi ya nyumba moja. Lililo zuri zaidi, na ambalo husahauliwa mno, ni kwamba salamu hii humfunga mkubwa pia, kwa kuwa aliyeinamiwa hana budi kunyoosha mkono. Wazazi wa Arusha mjini, ambako watoto wa makabila mengi hukua pamoja, wawafundishe wana wao kusalimu, nao wakubwa wasipite bila kuitikia.