Ufa Kaburini

Mama yangu amezikwa katika kihamba chetu, Machame, hatua chache chini ya nyumba, kama ilivyo desturi ya kwetu. Mwanzoni kaburi lilikuwa la udongo. Kila nilipofika kutoka Dar es Salaam nilikuta majani yameota, nikayang'oa. Mwaka wa pili nilimtafuta fundi, tukamwaga zege.

"Sasa halitakusumbua tena," nilimwambia shangazi anayeishi pale nyumbani. Aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kumenya ndizi.

Nilikaa miaka sita bila kupanda mlimani. Nilipofika, Krismasi, nilikuta ufa umepita kutoka kichwani hadi miguuni. Kuvu ya kijani ilikuwa imetanda, na ndani ya ufa majani yalikuwa yameota, yaleyale niliyoyakimbia. Nilimlaumu fundi kwa maneno makali.

Ndugu msomaji, je, nilikuwa na haki? Kiasi. Fundi alizidisha maji katika mchanganyiko ili kazi iwe nyepesi, na maji ya ziada yakikauka huacha vitundu ndani ya zege. Lakini aliniagiza pia kwamba lifunikwe na kumwagiliwa maji kwa siku saba, ili likomae polepole. Mimi nilikuwa na tiketi ya basi ya kesho yake.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya tabia ya nchi. Upande wetu wa kusini wa Kilimanjaro ndio unaopata mvua nyingi, hasa masika, Machi hadi Mei. Jua likiwaka zege hutanuka. Mvua ikilipiga hupoa na kusinyaa. Ufa mwembamba kama unywele hufunguka. Maji huingia, huyeyusha chokaa iliyomo kidogo kidogo, na yakiifikia nondo huishikisha kutu. Kutu huvimba, ikalipasua zege kutoka ndani.

Dawa yake si ngumu: kusugua kuvu kwa brashi, kuziba ufa ungali mdogo, kupiga niru ya saruji, kupaka dawa ya kuzuia maji kila baada ya miaka michache, na kuhakikisha maji hayatuami. Lakini zote zinamtaka mtu awepo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumezoea kuisikia methali hii kama onyo la gharama. Mimi sasa naisikia vingine. Wahenga walichukulia kwamba mwenye ukuta yupo nyumbani, anauona ufa, ila anafanya uvivu. Hawakumfikiria mtu aliyejenga ukuta ili asilazimike kuutazama.

Hapo ndipo swali linaponichoma: nilipomwaga lile zege, nilikuwa nampa mama heshima, au nilikuwa najipa ruhusa ya kutokuja?

Sisemi zege ni baya. Fikiria mifereji yetu, ambayo ilikuwapo kabla Johannes Rebmann hajafika Kilimanjaro mwaka 1848. Mfereji wa udongo hupoteza maji mengi njiani. Ukisakafiwa kwa saruji, maji hufika mbali zaidi. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini mfereji wa udongo uliwaita watu. Walitoka pamoja kwa msaragambo kuuzibua, na aliyekosa alitozwa faini, mara nyingi mbege. Kazi ile iliwafanya wajuane. Ukisakafiwa, ni rahisi kila mtu kudhani kwamba kazi imekwisha, na siku saruji inapopasuka, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Kule Roma liko jengo la Pantheon, ambalo kuba lake la zege, lisilo na nondo, limesimama karibu miaka 1,900. Watu husifu mchanganyiko wake wenye majivu ya volkano, na wanastahili kuusifu. Lakini tangu mwaka 609 jengo hilo limekuwa kanisa, likiingiwa na watu na kukarabatiwa kizazi baada ya kizazi. Nadhani uimara na uangalizi havigombani. Kosa ni kukifanya cha kwanza kiwe badala ya cha pili.

Mtu atasema: maisha ya mjini hayaruhusu, na anayetuma fedha naye anatunza. Ni kweli, na wengi wetu hatuna njia nyingine. Lakini fedha haina macho. Inamlipa anayesugua, haiwezi kuona mahali pa kusugua. Kwa miaka sita mwenye macho pale alikuwa shangazi, na mimi nilikuwa nimemwambia kwamba kaburi halimhusu tena.

Safari ile niliupanua ufa kwa patasi, nikauosha, nikauziba, nikapiga niru. Kisha nikafunika kwa magunia, nikamwagilia asubuhi na jioni. Siku ya tatu shangazi aliniuliza, "Basi lako ni lini, mwanangu?"

Nikamwambia, "Baada ya siku saba, shangazi."

Akaniletea ndoo ya pili.