Nafasi Haiulizi Jina

Mtu akifanya kazi yote ya mwenzake, je, amekuwa badala yake kamili? Swali hili huulizwa kuhusu watu, lakini mimi nataka kulianzia kwa samaki wadogo.

Hapa Rumonge tunaishi kwa ndagala. Usiku hupanda juu kufuata viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, na wavuvi huwavuta kwa taa. Ndagala ni wa ukoo wa sadini, jamaa za samaki wa baharini. Ziwa Nyasa halina sadini, lakini lina usipa: mdogo, mwembamba, wa rangi ya fedha, aendaye makundi makundi mbali na ufuko, naye huvuliwa kwa taa. Ziwa Viktoria nalo lina samaki wa namna hiyo, ambaye Waluo humwita omena. Usipa na omena si sadini. Wamo katika kundi kubwa la ningu. Koo zilizotengana tangu zamani sana zimefika kwenye umbo moja, kwa kuwa maji ya katikati ya maziwa haya yaliweka mbele yao chakula kilekile na hatari ileile.

Kiswahili kimeliona jambo hili. Huko Tanzania wote huitwa dagaa. Hilo ni jina la kazi, si la ukoo, na jikoni linatosha kabisa.

Kutoka hapo ni rahisi kurukia hoja nyingine: kama nafasi hujazwa na yeyote anayeifaa, basi kila mmoja wetu ana wa kumbadili. Hata Ziwa Kivu, ambalo halikuwa na samaki wa kazi hiyo, lilipandikizwa ndagala wa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo sambaza wanaliwa Bukavu na Goma.

Naikataa hoja hiyo, kwa sababu inachanganya maswali mawili. Nafasi huuliza, "Kazi gani inafanyika?" Haiulizi, "Nani?" Tuseme ndagala wameisha katika ziwa letu, usipa wakaletwa, na mukeke akaendelea kushiba. Pengo limezibwa, lakini ukoo wa ndagala ungekuwa umekatika vilevile. Kushiba kwa mukeke hakumrudishi aliyepotea.

Kwa binadamu, kuchanganya huko kuna gharama. Mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbia mauaji, wengi wao wakaenda Tanzania. Mashamba yao yakapewa watu wengine. Waliporudi katika miaka ya 2000 waliwakuta wenzao wakilima, na mwaka 2006 serikali iliunda tume ya kushughulikia ardhi na mali nyingine. Kwa jicho la nafasi, hapakuwa na hasara yoyote: ardhi ililimwa, mawese yalikamuliwa, soko lililishwa. Lakini aliyerudi hakulalamika kwamba shamba halina mkulima. Alisema lina mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba hoja yangu inamfukuza aliyekaa pale miaka thelathini. Sivyo. Yeye naye hakuwa kizibo cha pengo. Wengi walipewa ardhi hiyo na serikali, wakazaa na kuzika hapo. Kumwondoa mikono mitupu, eti mwenye nafasi amerudi, ni kumhesabu kama jembe lililoazimwa. Ndiyo maana kugawana shamba au kulipa fidia ni kazi ngumu na ndefu: inatulazimu kuuliza majina ya wote wawili, na kusikiliza kila mmoja alifikaje pale.

Ziwa halikumwahidi samaki yeyote kitu, kwa hiyo halina deni. Anayekula na kuzaa ndiye anayebaki, basi. Sisi tumeahidiana, tumerithishana na tumekoseana. Tukiamua mambo yetu kwa kuangalia tu kama kazi inaendelea, tutakuwa tumelifuata ziwa pale ambapo haliwezi kutufundisha haki.