Tadbiri ya Mwenye Lori

Mtu anapokuwa na lori moja tu, na lori hilo ndilo limlipialo karo ya watoto, deni la chama cha akiba na mikopo, na ujira wa dereva na utingo, siku ya kununua tairi huwa kwake siku ya mtihani, kwani ndipo hudhihirika kama ana tadbiri ya mali au ana pupa ya mali. Hapa kwetu Kwale, toka mpaka wa Likoni hata Lunga Lunga, watu wa namna hiyo ni wengi: wachukuzi wa miwa ya Ramisi, wa mchanga, na wa mawe ya kujengea majumba ya Diani, na neno la kwanza waulizalo dukani, aghalabu, ni bei. Bei ni swali la haki, lakini halistahili kutangulia.

Litangulie swali la njia na mzigo. Tairi ya lami, yenye mifereji iliyonyooka, hukimbia vyema toka Ukunda hata Msambweni bila kula mafuta mengi, lakini mawe na miiba ya njia za Kinango huikatakata. Na ile ya machimboni, yenye mpira mnene na vipande vipana, hustahimili mawe, lakini ikikimbizwa juu ya lami hupata moto na kulika upesi. Kadhalika tairi za waya huuzwa ghali kuliko za nailoni, ila katika safari ndefu hazishiki moto sana, na hudumu zaidi. Basi hesabu ya mwenye busara si fedha aliyoitoa dukani, bali ni fedha hiyo igawanywapo kwa kilomita itakazompeleka.

Swali la pili ni umri. Ubavuni mwa tairi huandikwa tarakimu nne, mbili za kwanza zikitaja juma na mbili za mwisho mwaka, hata 3519 ikawa tairi iliyotengenezwa katika juma la 35 la mwaka 2019. Wazee walinena kwamba akiba haiozi, na walisema kweli kwa fedha na nafaka iliyohifadhiwa vema. Lakini mpira huoza hata ukiwa ghalani, na mng'ao wa tairi isiyopata kugusa barabara si ushahidi wa siha yake.

Mwenye fedha haba hana lawama, madhali ajua mahali pa kupunguza. Tairi iliyovikwa mpira mpya kiwandani, ikiwa mwili wake ni mzima, yafaa nyuma, ambako magurudumu huenda mapacha. Walakini mapacha hao sharti walingane kimo, kwa sababu aliye mrefu hubeba fungu la mwenziwe mpaka akapasuka. Ama rimu, za chuma zatosha. Za alumini ni nyepesi, na wepesi huo una faida kwa mchukuzi ashikaye sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, isiyoruhusu mhimili wa usukani kupita tani 8. Lakini si za lazima. Rimu iliyokwisha tumika itazamwe matundu ya nati kama yana ufa, na iliyoungwa kwa kuchomewa ikataliwe hata kwa bei ya kutupa. Fauka ya hayo, kupima upepo alfajiri, tairi zingali baridi, ni iktisadi isiyo na gharama, nayo huokoa mali nyingi kuliko ubishi wa dukani.

Mahali pasipojuzu kupunguza ni mbele. Tairi ya mbele ikipasuka katika mteremko wa Kwale kushuka Kombani, usukani humponyoka dereva, na kando ya barabara hiyo wapo watoto watokao shule, mama waliobeba kuni, na vijana wa bodaboda, ambao hawana hisa katika faida ya lori wala hawakuulizwa rai siku ya kununua. Hao wote wamo katika dhamana ya mwenye lori. Kwa hiyo, fedha ikitosha tairi mbili tu, zinunuliwe mbili mpya, zifungwe mbele. Mzigo upunguzwe, rangi na mapambo yangoje, mpaka riziki ilete za nyuma.