Kabla ya Nani?

Sura ya pili ya tasnifu yangu ya umahiri ilianza na sentensi hii: "Kabla ya Mbaraka Mwinshehe kujiunga nayo, Morogoro Jazz ilikuwa bendi ya kawaida." Niliiandika usiku, nikaipenda, nikalala. Wiki iliyofuata nilikwenda Kibiti kumwona babu, nikamsomea. Ujanani babu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Morogoro, na bendi hiyo aliicheza kwa miguu yake mwenyewe. Nilitaka anipongeze.

Alinisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akauliza, "Kabla ya nani?"

Nikadhani hakusikia vizuri, nikarudia jina.

"Nimesikia," akasema. "Nakuuliza hivi: sisi tulipokuwa tunacheza pale, tulijua kuwa tupo kabla ya mtu?"

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mbaraka, mtoto wa Mzenga, Kisarawe, alizaliwa mwaka huohuo. Alipojiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, bendi ilikuwa na miaka ishirini hivi: umri wa kutosha kwa watu kukutana kwenye dansi, kuoana, kuzaa, na kuwatuma watoto wao kwenye dansi hilohilo. Mbaraka alikaa mpaka mwaka 1973, akaondoka kuunda Super Volcano. Januari 1979 alifariki katika ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka thelathini na minne. Baadaye Kenya ukatoka mfululizo wa santuri ndefu za nyimbo zake, ukapewa jina Ukumbusho. Jina ni zuri, lakini linaonyesha pia namna tunavyokumbuka: tunaanzia kwake. Miaka ishirini ya wenzake inakuwa kama varanda, mahali pa kuvulia viatu ukielekea ndani.

Niliporudi Dar es Salaam nilimweleza mwenzangu tunayepanga naye chumba Changanyikeni. Yeye ni mpenzi wa roki, akanijibu kwa mfano wake. Journey, bendi ya San Francisco, ilitoa albamu tatu kabla ya Steve Perry kuwa mwimbaji wake: Journey mwaka 1975, Look into the Future mwaka 1976 na Next mwaka 1977. Ni albamu zenye nyimbo ndefu, gitaa la Neal Schon na kinanda cha Gregg Rolie, wote wawili waliotoka kwa Santana, vikizungumza kwa muda kuliko waimbaji. Hazikuuzika sana. Perry akaingia, Infinity ikatoka mwaka 1978, na mwaka 1981 ukaja ule wimbo ambao hata asiyejua roki ameusikia, Don't Stop Believin'.

Mwenzangu anashikilia kuwa zile tatu ndizo Journey ya kweli, na kilichofuata ni peremende. Mimi, kabla hata sijazisikiliza, nilikuwa upande wa peremende. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilipolala ndipo nikagundua kuwa tulikuwa tunafanya kosa moja. Mimi nilikuwa nadharau zile albamu kwa sababu Perry hayumo. Yeye alikuwa anazisifu kwa sababu hiyohiyo. Hakuna kati yetu aliyekuwa anazisikiliza. Wote tulikuwa tumeshika rula moja, tumegeuza ncha tu.

Angalia hata yale majina, Look into the Future na Next. Ukijua yaliyofuata, yanasikika kama utabiri. Lakini waliyoyachagua hawakuwa wakimtabiri mtu. Walikuwa wanamaliza kazi ya mwaka ule, kwa masikio ya mwaka ule.

Sisemi kwamba haki inatutaka tuseme kila kitu ni sawa. Inawezekana kabisa kuwa Mbaraka, kwa gitaa, sauti na utunzi, alikuwa mkubwa kuliko waliomtangulia. Ninachouliza ni kipimo. Bendi ya dansi ya miaka ya 1950 kazi yake ilikuwa ukumbi: kuwaweka watu miguuni mpaka alfajiri, wengine wakiwa na zamu ya shamba asubuhi. Ukiipima kwa kile kinachobaki kwenye santuri, unaipima kwa kazi ambayo haikuwa yake. Ni sawa na kulilaumu jahazi kwa kutopanda mlima.

Ningeishia hapo, ningekuwa na sura nzuri ya tasnifu. Lakini swali la babu lilikuwa na mkia, na mkia wenyewe ulikuwa nyumbani kwetu.

Katika familia yetu kila hadithi huanza na maneno "Bibi alipokuja." Bibi alipokuja Kibiti alifungua genge. Bibi alipokuja watoto wakasoma. Baba yangu ni mtoto wa genge lile, na mimi ni mjukuu wake. Ada yangu ya chuo kikuu ukiifuatilia nyuma utakuta nyanya na nazi. Lakini kabla ya bibi palikuwa na mke mwingine, mtu wa deltani. Aliishi na babu miaka kumi na mmoja, wakaachana. Sisi wajukuu tunamwita "yule wa kabla ya bibi." Nina miaka ishirini na mitano na sikuwahi kumtembelea.

Safari iliyofuata nilimwambia babu kuwa nataka kwenda. Alinyamaza kidogo, akasema kiwanja tulichokaa kilinunuliwa kwa mpunga wa yule mama. Bibi, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, hakuinua macho. Baadaye aliniletea kilo mbili za sukari na khanga mpya. "Mpelekee. Mwambie nimemsalimu."

Kutoka Kibiti nilirudi Bungu, nikakata kuelekea Nyamisati, nikapanda boti ya mashine baada ya kusubiri maji yajae. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mingine yote Afrika Mashariki, na vijiji vyake vina watu waliolima mpunga na kukata boriti kwa vizazi. Lakini mgeni akiisoma vitabuni hukutana kwanza na Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha humo mwaka 1914 na kuangamizwa Julai 1915. Kibiti nayo, kwa wengi wa nje, ilianza mwaka 2017, mauaji yalipojaa kwenye habari. Sisi wa huku tunajua ladha ya kuwa "kabla" ya kitu. Mimi ndiye niliyepaswa kuijua kuliko wote, na bado niliiandika ile sentensi.

Njiani nilikuwa nimetunga hotuba. Nilitaka kumwambia kuwa najua habari ya kiwanja, kwamba yeye ndiye msingi wa nyumba yetu. Nilimkuta ukumbini anasuka ukili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akapokea sukari na khanga, akauliza hali ya bibi kwa jina lake. Nikatoa hotuba yangu.

"Msingi," akarudia taratibu. "Msingi si ndiyo ile inayofukiwa?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima kumwondoa kwenye neno "kabla," na nikamletea neno "msingi," ambalo ni "kabla" iliyovishwa nguo ya Idi. Bado nilikuwa nampa thamani kwa kile alichomjengea mwingine.

Nikamwomba anisimulie miaka ile. Akaniuliza, "Unataka ya babu yako au yangu?"

Nikasema, yako.

Alisimulia mpaka maji yakapwa na boti ikashindwa kuondoka, nikalala kwake. Alisimulia mafuriko yaliyoondoka na dungu lake na mpunga wote, akabaki na kisu na sufuria. Alisimulia mume wa pili, mvuvi aliyemchekesha kila siku mpaka alipofariki. Alisimulia namna alivyojifunza ukunga kwa mama yake na kuacha kuhesabu watoto. Babu alitokea mapema, akakaa dakika kumi hivi, akapita. Katika hadithi ya yule mama, babu ndiye wa kabla.

Inaweza kusemwa kuwa hatuwezi kusahau tunachokijua. Ni kweli. Nisingeijua Morogoro Jazz bila Mbaraka, na yule mama nisingemfikia bila bibi, aliyenisomesha na kunipa sukari ya kubeba. Hilo ni deni, na deni halifutwi. Lakini kuingia kwa mlango fulani hakuufanyi mlango kuwa ndiyo nyumba. Ukishaingia, unaweza kukaa, ukamuuliza mwenyeji habari zake, si za aliyekufungulia.

Sentensi yangu sasa inasema: "Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944." Kisha inaendelea na wapigaji, kumbi na wachezaji, babu akiwa mmojawao. Msimamizi wangu aliisoma akaandika pembeni: Mbaraka yuko wapi?

Nikamjibu kuwa atafika ukurasa wa kumi na tisa. Kwa waliokuwa ukumbini, bado alikuwa hajaja, na dansi lilikuwa limekolea.