Kukosoa na Kukosolewa

Mtu anapokuletea kazi yake na kukuomba umwambie kasoro zake, amekupa amana. Amana hii haihesabiwi kama fedha wala haiandikwi katika hati, lakini kuirudisha salama ni jambo gumu. Ukiisifu kazi yenye kasoro umemwibia mwenyewe. Ukiivunja kwa dharau umemwibia vile vile, maana katika hali zote mbili huondoka bila ya kile alichokuja kukitafuta. Nataka, msomaji wangu, tufikiri pamoja juu ya amana hiyo, na hasa juu ya kazi moja ambayo kuikosoa ni kugumu kuliko nyingi nyingine, yaani kazi ya sauti.

Seremala akikosolewa kiti, kiti kiko pale na yeye yuko hapa. Mwashi akiambiwa kuwa ukuta umepinda, huutazama ukuta. Lakini sauti hutoka kifuani mwa mtu. Umwambiapo mtu kuwa sauti aliyoitoa haikufaa, husikia kana kwamba yeye mwenyewe hakufaa. Kwa sababu hiyo wengi wetu hukimbilia sifa na kudhani kuwa tumetenda wema. Mimi pia nilikimbilia huko siku moja, na sina budi kukusimulia yaliyotokea.

Hadado ni mji mdogo ulio magharibi mwa mji wa Wajir, katika nchi kavu ya kaskazini mashariki ya Kenya. Wenyeji wake wengi ni Wasomali, na utajiri wao wa tangu zamani ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Utajiri huo huenda na mvua. Baina ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya mvua ya kutosha, na watu wengi waliona mifugo yao ikifa mbele ya macho yao. Lakini mali ya maneno haifi kwa ukame. Lugha ya Kisomali haikuwa na maandishi rasmi mpaka mwaka 1972, serikali ya Somalia ilipochagua herufi za Kilatini. Hata hivyo mashairi na hadithi zake zilisafiri mbali sana katika vifua vya watu. Tena shairi la Kisomali hufungwa kwa herufi moja ya mwanzo inayorudi mstari baada ya mstari, na msikilizaji hodari hutambua mara moja mahali ilipokosekana. Kulipima neno linalosemwa, basi, si jambo geni huko.

Mwanafunzi mmoja wa Hadado alipata habari kuwa kituo cha redio kilikuwa kikitafuta vijana wa kuigiza sauti za wahusika katika hadithi za watoto. Kila aliyetaka nafasi hiyo alitakiwa kupeleka mfano wa kazi yake. Kijana aliazima simu ya mjomba wake, akajifungia chumbani, akanasa hadithi ya kale ambayo wengi wetu tuliisikia utotoni. Simba, fisi na mbweha walipata nyama. Simba alimwamuru fisi aigawe. Fisi akasema kuwa nusu iwe ya simba, na nusu ya pili wagawane waliosalia. Simba akampiga kofi, jicho likatoka. Kisha akamwamuru mbweha agawe yeye. Mbweha akasema kuwa nyama yote ni ya simba. Simba akafurahi, akauliza, "Nani aliyekufundisha kugawa vizuri namna hii?" Mbweha akajibu, "Jicho la fisi."

Kijana aliniletea simu hiyo jioni, nami nilikuwa na madaftari mengi ya kusahihisha. Nilisikia simba mwenye sauti nene, mbweha mwenye sauti nyembamba, na fisi aliyekuwa katikati yao. Nilisikia pia kwamba hadithi ilipofika nusu sauti zote tatu zilirudi kuwa moja, na kwamba fisi, ambaye kijana alimwongezea maneno machache ya kulalamika mwishoni, alilalamika kama mtu aliyeshiba. Haya yote niliyasikia. Lakini kijana alikuwa amesimama mbele yangu, macho yake yaking'aa kwa matumaini, na mimi nilikuwa na haraka. Nikasema, "Vizuri sana. Peleka."

Akapeleka. Baada ya majuma machache aliletewa jibu fupi kuwa sauti zake tatu zilikuwa sauti moja na kwamba nafasi imepata mwingine. Alinijia bila ya hasira, akaniuliza, "Mwalimu, wewe hukusikia?"

Swali hilo lilikuwa na milango miwili, na yote miwili ilielekea kwenye aibu. Kama sikusikia, sikuwa mwalimu. Kama nilisikia na kunyamaza, sikuwa mwaminifu. Nilimjibu kweli kuwa nilisikia. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Basi ulidhani siwezi."

Maneno hayo yalinifundisha jambo ambalo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Nilidhani nimemhurumia kijana yule, kumbe nilikuwa nimemdharau. Mtu humficha mwenzake kasoro ya kazi anapokuwa amekwisha kukata shauri moyoni kuwa mwenzake hataweza kuirekebisha. Sifa ya uongo ina sura ya upole, lakini ndani yake imo hukumu kali: kwamba huyu hapa ndipo mwisho wake. Anayekosoa kwa nia njema hutoa hukumu nyingine kabisa, kwamba huyu anaweza kufika mbele zaidi ya hapa. Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Aghalabu tunaitumia methali hii kumlaumu mgema peke yake. Naona inafaa tumwulize pia aliyemsifu kama alilionja tembo lenyewe, au alitaka tu aondoke haraka.

Yamkini utasema, msomaji, kuwa wale wa redio walimwambia kijana kweli, kwa hiyo wao walitimiza wajibu. Walisema kweli, nami siwalaumu, maana walikuwa na kazi nyingi za watu wengi. Lakini kweli yao ilikuwa kama kumwambia msafiri kuwa amepotea, kisha kumwacha palepale. Alijua kuwa amekosea. Hakujua alikosea wapi wala ageukie upande gani. Kweli ya namna hiyo ni bora kuliko uongo wangu, lakini haijawa msaada.

Msaada aliupata nyumbani. Usiku mmoja aliiweka simu juu ya mkeka mbele ya bibi yake, ambaye yeye humwita ayeeyo kama ilivyo desturi ya Wasomali, akamsikilizisha hadithi tangu mwanzo mpaka mwisho. Bibi hakusema kuwa ni nzuri wala kuwa ni mbaya. Aliuliza maswali matatu. Kwanza aliuliza, "Simba wako anampigia nani kelele? Mwenye nguvu hapigi kelele. Wengine ndio hunyamaza anaposema." Pili aliuliza, "Fisi ametolewa jicho. Mbona anazungumza kama jana?" Tatu aliuliza, "Na mbweha, mjukuu wangu, anaogopa au anacheka moyoni?" Kijana hakuwa na jibu la swali hata moja. Alikuwa amepima unene na wembamba wa koo lake tu. Hakuwa amejiuliza kila mnyama anataka nini na anaogopa nini.

Tazama sasa ustadi wa mama huyu ambaye hakusoma shuleni. Katika maswali yake yote matatu hakuigusa sauti ya mjukuu wake hata mara moja. Aliwataja simba, fisi na mbweha. Aliichukua kazi kutoka kifuani mwa kijana, akaiweka mkekani, wote wawili wakaitazama kama seremala na mteja wanavyokitazama kiti. Nilikuambia mwanzoni kuwa sauti ni ngumu kukosoa kwa sababu haitengani na mwenyewe. Bibi aliitenga, na alipokwisha kuitenga, ukali wa maneno yake haukumjeruhi mtu. Zaidi ya hayo, kila swali lilionyesha mahali penyewe katika hadithi, na kila swali lilikuwa na kazi ya kufanya kesho yake.

Jambo hili ni la zamani na la nchi nyingi. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, amesimulia habari za Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athens aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo. Siku moja katika ujana wake watu wa baraza walikataa kumsikiliza, akarudi nyumbani kwa huzuni. Mwigizaji mmoja, jina lake Satyrus, alimfuata. Demosthenes alinung'unika kuwa yeye hufanya bidii kuliko wasemaji wote, na bado watu wasio na elimu husikilizwa na yeye hupuuzwa. Satyrus hakumbembeleza wala hakumcheka. Alimwomba amsomee kwa moyo maneno ya mchezo wa Euripides au Sophocles. Demosthenes alipomaliza, Satyrus aliyarudia maneno yale yale kwa tabia na hali iliyompasa mhusika wake, na Demosthenes akaona kana kwamba ni maneno mengine kabisa. Baadaye alijijengea chumba chini ya ardhi, akawa anaingia humo kuizoeza sauti yake. Satyrus alifanya kwa mfano kile ambacho bibi wa Hadado alikifanya kwa maswali. Alimwonyesha umbali uliobaki, na kumwonyesha kuwa unaweza kutembewa.

Mpaka hapa nimesema juu ya anayekosoa. Lakini amana ina pande mbili, na anayekosolewa naye ana wajibu wake. Wajibu wa kwanza ni kuuliza vizuri. Anayeuliza, "Je, ni nzuri?" ameomba sifa, na wengi watampa. Anayeuliza, "Je, unasikia kuwa fisi ameumia?" ameomba kweli. Wajibu wa pili ni kunyamaza wakati wa kujibiwa. Katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, wanafunzi hughani mashairi mbele ya waamuzi, na waamuzi hutoa alama pamoja na maelezo. Wengi hukumbuka alama na kuyasahau maelezo. Lakini alama ni ya siku ile moja, na maelezo ndiyo yanayoweza kumfaa mtu mwaka unaofuata.

Wajibu wa tatu ni kuchuja. Si kila anayekosoa yu sahihi. Rafiki mmoja alimshauri kijana wetu aiache lafudhi ya kwao na kuiga watangazaji wa miji mikubwa. Kijana alijiuliza kama lafudhi ile ilimzuia msikilizaji kumjua simba au kumwonea fisi huruma. Haikumzuia. Alimshukuru rafiki yake, na lafudhi akabaki nayo. Kupokea ukosoaji si kumpa kila mpita njia usukani wa chombo chako. Ni kusikiliza kila rai, kisha kuipima kwa kusudi la kazi yenyewe.

Sasa nirudi kwa simba, maana naona hadithi ile ilikuwa ikituambia jambo hili tangu mwanzo. Fisi alisema lile aliloliona kuwa haki, akapoteza jicho. Mbweha aliona, akajifunza kuwa mkono usioweza kuukata, ubusu. Watu humcheka fisi na kumsifu mbweha kwa akili yake. Wachache humfikiri simba. Yeye alipata nyama yote siku ile, lakini alipoteza kitu ambacho hakukijua: tangu siku ile hapana mnyama atakayemwambia kweli. Kila mtu aliye na kazi ya kuonyesha ana simba ndani yake. Ukimkasirikia wa kwanza aliyekuambia kasoro yako, ukamnunia au ukamdhihaki, umelitoa jicho lake, na wa pili anatazama. Wa pili atakuambia, "Vizuri sana," nawe utalala ukiwa umeshiba sifa, hujui kuwa umebaki peke yako.

Kijana wa Hadado hakunitoa jicho mimi, ingawa alikuwa na haki ya kunikasirikia. Alirudi na hadithi yake mara ya pili. Safari hii niliyafunga madaftari, nikasikiliza mara tatu kabla ya kufungua kinywa. Simba alizungumza polepole, na ukimya ulimfuata. Fisi alianza sentensi ya mwisho akashindwa kuimaliza. Mbweha bado hakuwa mbweha, nami nilimwambia hivyo, na nikamwambia ni katika neno gani. Alichukua kalamu akaandika. Nafasi ya redio ilikuwa imekwisha kupotea, wala sina uwezo wa kuirudisha. Hilo ni deni langu. Lakini alipokuwa akiondoka nilimwona anatembea kama mtu mwenye safari.

Basi wewe usomaye, siku mwenzako atakapokuletea kazi yake na kukuomba rai yako, kumbuka kuwa anakuuliza maswali mawili kwa pamoja. Moja hulisema kwa kinywa, nalo ni juu ya kazi. La pili hulificha, nalo ni kama unamwamini kuwa anaweza. Ukimjibu la kwanza kwa kweli na kwa makini, umekwisha kumjibu la pili.